Sauti za Ba'mdogo kwenye Kompyuta Isiyowaka

Jumatatu, 8 Septemba

Leo kompyuta imewaka kwenye jaribio la nne. Jana ya tatu. Juzi ya pili. Sipendi inakoelekea. Nabonyeza, feni inazunguka, kioo cheusi tii, halafu inazima yenyewe. Nachomoa waya, nahesabu mpaka thelathini, nachomeka tena. Ndo ninavyoianza siku, kabla hata ya chai.

Ilipowaka nikakimbilia folda moja tu. SAUTI ZA MA'MDOGO. Zipo zote, mia mbili na kumi na moja. Nikapumua. Ningezihamisha palepale ila flashi imejaa sinema. Nitaifuta kesho.

Jumanne, 9 Septemba

Haijawaka. Nimejaribu mara kumi na moja. Mjinga mimi. Sinema.

Niandike ili nione ukubwa wa balaa lenyewe. Ba'mdogo Hamza hakupenda kuandika meseji. Alikuwa anarekodi. Kila siku sauti mbili tatu kwa mkewe, Ma'mdogo Zuhura, mdogo wake mama. Walikuwa wanakaa chumba cha mbele, humuhumu ndani. Alipofariki mwezi wa tano, simu ya Ma'mdogo ilishajaa, inagoma hata kupiga. Mie nikajitia fundi. Lete nizihamishie kwangu, nikufutie. Nikazihamisha. Nikazifuta kwa kidole changu hiki. Akasema sasa hivi hawezi kuzisikia, atazisikia akitoka eda. Akaniambia kitu kimoja tu: asisikie mtu.

Eda inaisha Jumatano ijayo. Siku nane.

Jumatano, 10 Septemba

Nimebadilisha soketi. Nimeazima waya kwa jirani. Nimeitoa stebilaiza, nimeirudisha. Hamna.

Mchana imeanza kulia. Milio mitatu mirefu, kimya, mitatu tena. Nimeangalia video mpaka bando likaisha. Kila mtu na lake. Mmoja anasema ramu, kile kipande cha kumbukumbu, mwingine anasema bodi imeungua. Nikafungua kifuniko, nikachomoa ramu, nikairudisha kwa nguvu. Milio mitatu. Basi ramu siyo. Bodi. Bodi ikifa sina la kufanya.

Sijala. Mama kauliza, nikasema tumbo.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeipakata kwenye bodaboda kutoka Makorora mpaka mjini kama mtoto anayepelekwa kliniki. Fundi hata hakuifungua. Kaisikiliza ikilia mara moja, kaendelea na simu yake.

"Windo imekufa hiyo. Niachie, nakupiga windo mpya, jioni unachukua."

"Na vitu vyangu vya ndani?"

"Vitu gani?"

"Sauti."

"Nyimbo? Nakujazia nyingine mpaka ukome, dada."

Akipiga windo mpya, yaani akiiwekea Windows upya, anafuta kila kitu. Hilo nalijua. Nikamwomba basi achomoe diski, aichomeke kwenye mashine yake, anitolee folda moja tu. Akasema sawa, niache, atafungua aone kuna nini. Pale dukani walikuwa wamekaa wanaume wanne, wanakunywa kahawa, spika kubwa mezani. Nikamwona kichwani mwangu anafungua ya kwanza. Nikaona wale wanne wanamsikia Ba'mdogo akiongea na mkewe.

Nikaipakata tena.

"Unaniringia, fundi wa YouTube?" Wakacheka. Nikaita bodaboda.

Nimefika, mama keshafukiza udi wa usiku wa Ijumaa chumbani kwangu. Moshi tele. Nimelia humo ndani na mama akadhani ni moshi. Afadhali.

Ijumaa, 12 Septemba

Hamna.

Jumamosi, 13 Septemba

Ma'mdogo kaniita asubuhi. Nguo yake nyeupe ileile, kavu, haina hata harufu ya sabuni nzuri. Miezi minne hajagusa marashi. Kakaa mkekani anachambua mchele.

"Mwanangu, zile sauti zangu hazijambo?"

Eti hazijambo. Kama watu.

"Hazijambo, Ma'mdogo."

Nimemdanganya mtu aliye edani, usoni kwake.

Jumapili, 14 Septemba

Nimeshindwa kuvumilia. Nimeingia baada ya alasiri, nikasema yote kwa mkupuo mmoja. Kwamba imekufa. Kwamba nilikuwa na nafasi ya kuzihamisha Jumatatu sikuzihamisha. Kwamba jana nilisema uongo.

Hakulia. Hakunigombeza. Aliendelea kumenya kitunguu saumu, punje moja, ya pili.

"Bora ungenambia siku ileile ilipokufa. Ningekuwa nshaanza kuzoea."

Basi. Angenipiga kibao ningeshukuru.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeamka nimekasirika. Sio kuogopa, kukasirika. Nikasema leo naifungua yote, ikifa ife mikononi mwangu. Nikatandika kanga sakafuni. Bisibisi, mswaki mkuukuu, spiriti kidogo kwenye kizibo. Kila skrubu nimeiweka kwenye kikombe chake, nimepiga picha kila waya.

Feni ndo iliyonishtua. Nimezoea vumbi. Vumbi linapulizwa linaruka. Hili limeganda, la kahawia, linanata kidoleni kama shira. Nikalinusa.

Udi.

Kompyuta yangu inanukia kama bibi harusi.

Nikakaa pale chini nikaanza kuunganisha. Zamani mama alikuwa anaweka chetezo ukumbini, mlangoni kwa Ma'mdogo hasa. Eda ilipoanza ikawa haifai, mwenye eda hajifukizi wala hafukiziwi, moshi ungemwingia kwenye nguo. Mama akakihamishia chumbani kwangu, mlango unafungwa. Kila Alhamisi, miezi minne. Na aliyemwambia kiwekwe chini ya meza ni mie, nisikipige teke. Chini ya meza, ubavuni kwa mashine, feni inavuta. Nimeivutisha udi mwenyewe. Na nilivyokuwa naipenda ile harufu.

Nikachomoa ramu tena. Safari hii sikuharakisha. Nikaipeleka dirishani. Meno yake ya dhahabu sio dhahabu tena, yana ukungu mweusi, na chumvi ya upepo wa bahari huku kwetu imeyala kidogo pembeni. Jumatano niliitoa nikairudisha na uchafu wake, nikajiona nimeshaipima. Nimekosea hapo. Siku tano za roho juu kwa sababu sikutazama.

Nikaenda dukani kununua raba ya penseli. Muuzaji kauliza narudi darasa la ngapi. Nikayasugua meno polepole, upande huu, upande ule, mpaka yakang'aa. Spiriti. Mswaki kwenye tundu lake. Nikaacha ikauke. Nikaswali adhuhuri na akili yote ipo kwenye tundu la ramu, Mungu anisamehe.

Nikabonyeza.

Mlio mmoja. Mfupi.

Kioo kikawaka. Nikajibana mdomo na kanga. Sikufungua chochote kingine. Sinema zote nimezifuta bila kusoma majina. Mia mbili na kumi na moja zimeingia kwenye flashi, kisha kwenye simu yangu, kisha kwenye kadi mpya ya simu ya Ma'mdogo. Nimehesabu mara tatu. Kuzisikiliza sijazisikiliza. Nilitaka kupima moja tu kama inacheza, kidole kikafika, nikakirudisha. Nimepima kwa kutazama ule mstari unavyotembea, sauti nimeifunga.

Jumanne, 16 Septemba

Nimempa kadi. Kaifunga kwenye pindo la leso, kaendelea na kazi yake. Baadaye kaniita tena mlangoni, kaniangalia sana, kasema, "Usirudie kunidanganya." Nikasema sirudii.

Mama nimemweleza habari ya udi. Kakataa katakata.

"Udi unafukuza mabaya. Haujaua mtu tangu bibi zako."

"Haujaua mtu, mama. Umeua ramu."

"Na huyo Ramu ni nani?"

Tumecheka mpaka nimeumwa mbavu. Wiki nzima sijacheka.

Jana usiku sikulala vizuri hata hivyo. Nimeota inalia ile milio mitatu.

Alhamisi, 18 Septemba

Jana Ma'mdogo katoka eda. Wanawake walijaa tangu asubuhi, wakamwogesha, akavaa dera la kijani, akapakwa hina. Alikuwa kakonda kuliko nilivyojua. Watu waliondoka jioni.

Leo mchana nilikuwa nafagia ukumbini. Mlango wake umerudishwa, haujafungwa. Nikasikia sauti ya Ba'mdogo. Ya kawaida kabisa, nyuma yake kuna magari. Nilitaka kuondoka, nikabaki na ufagio mkononi.

Anasema yupo Pongwe, anauliza achukue machungwa au mihogo, ajibiwe haraka gari inaondoka.

Rekodi ikaisha.

"Machungwa," Ma'mdogo kasema.

Nikauegemeza ufagio ukutani taratibu, nikatoka uani.