Kastadi ya Mtende Dume

Bawshar, Maskati
12 Februari 2026

Mpenzi mdogo wangu Ghadeer,

Assalamu alaykum. Khabari za siku nyingi, na kile kifua chako kimepata nafuu? Watoto huko Unguja hawajambo? Sisi huku alhamdulillah, wazima wa chafya. Shemeji yako Mahfoudh akipiga moja, paka wa jirani anahama.

Sababu ni baridi ya mwaka huu, haieleweki. Disemba ilikuwa joto, mitende dume ikadanganyika ikachanua mapema. Januari ikaingia baridi khasa na mvua, mitende jike ikabaki imejifunga. Mvua ilipokatika ukaja upepo mkavu, na unga wote wa maua ya miti ukaishia puani mwetu.

Unaujua ule mtende wa marehemu mama mkwe, pale uani. Ni jike, hauzai vizuri mpaka utiwe kwa mkono unga wa maua ya dume. Mahfoudh alipoona madume yamewahi, akaukusanya unga, akaukausha, akauchekecha, akautia chupani ndani ya friji, kungoja jike achanue. Hakuniambia. Mtu kafanya kazi wizarani miaka thelathini, kuandika jina juu ya chupa hajui.

Jumamosi akaja Bi Rawan, jirani yetu, bila ya taarifa. Nikasema nimpikie kastadi, na unga wangu wa kastadi huuweka frijini kwa ajili ya sisimizi. Nikaona chupa ya unga wa manjano, nikatia wote. Ulikataa kuwa mzito, nikaongeza kornfulawa. Harufu yake sikuielewa, nikazidisha iliki. Bi Rawan akala bakuli mbili, akasema kastadi kama hii hajapata kuila. Watu wa huku husema unga ule huliwa na wanaotafuta uzazi. Bi Rawan ana miaka sabini na mbili, na mimi tokea nijue nilichompikia nnamwangalia kwa wasiwasi.

Jumapili mtende ukachanua. Mahfoudh akaenda frijini, chupa hakuna. Akaikuta kabatini imeoshwa inang'ara. Hapo ndipo nilipojua nimepika nini. Yeye akamgeukia Mildred, yule Mkenya anayenisaidia kazi. Akamwambia kautupa unga, na kwamba atapiga simu ofisi iliyomleta imrudishe kwao. Mildred anasomesha wanawe wawili kwa kazi hii. Alisema tu, "Mzee, hiyo chupa niliipata kwa sinki ikiwa tupu, nikaiosha."

Nami nikanyamaza. Siku mbili, Ghadeer, na ulimi wangu huu unaoujua, niliona haya kusema kuwa mtende wa mama mkwe nimemlisha mgeni. Jumanne nikapita chumbani kwa Mildred, nikamkuta anakunja nguo zake. Nikenda moja kwa moja kwa Mahfoudh, nikamwambia yote mpaka iliki.

Akenda jikoni, akamwita Mildred. Mahfoudh huyu kila Shaabani hutuma kwa simu picha ya kuomba radhi kwa watu mia mbili, na mimi nimo. Kwa kinywa chake, miaka arubaini na moja ya ndoa, radhi hiyo sijaisikia. Nikamsikia nami nipo nyuma ya mlango: "Nisamehe, mwanangu. Nimekudhulumu." Mildred akasema amesamehe, halafu akamuuliza kama hakuna mahali pa baridi zaidi, maana kwao Limuru, kwenye baridi, kila kitu huchelewa kuchanua. Leo alfajiri mzee kapanda milimani kutafuta unga mwingine. Huko madume ndiyo kwanza yanafungua.

Mimi visingizio vyangu nilikuwa navyo tayari. Siku ile ile, nilipomuona Mildred uso wake, vikanitoka. Nikamwambia, "Nilijua tokea Jumapili, nikakuacha ubebe lawama wewe." Akalia, nikalia. Kisha akenda kuzirejesha nguo kabatini.

Nisalimie Anas na mkewe, na Bi Sayyida unibusie mikono. Mwenyezi Mungu atufikishe sote Ramadhani tukiwa hatudaiani radhi.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Kawthar