Baba Amemwachisha Wakili Wake kwa Sababu Yangu, na Mimi Bado Sijaapishwa

Senje Gentrix, shangazi yetu wa redio, pokea salamu kutoka huku Malava, nakusikizanga kila wiki nikiosha vyombo na nikicheka shida za wengine, sasa leo shida ni yangu, naomba unishike mkono kabla sijafanya kitu ya kunifunga.

Mimi ni msichana, kifungua mimba kwetu, nimesoma sheria chuoni nikamaliza, nikaenda ile shule ya mawakili Nairobi nikamaliza masomo ya darasani pia, sasa imebaki pupileji, yaani ile miezi sita ya kukaa chini ya wakili mzoefu akikufundisha kazi, na bila hiyo huapishwi, na bila kuapishwa wewe si wakili, wewe ni mtu tu ako na vitabu mingi na macho ya kuuma. Nimeomba Nairobi, nimeomba Nakuru, nimeomba mpaka Mombasa mahali sijawahi kukanyaga, ofisi mingi mpaka nikaacha kuhesabu. Wengine hawajibu kabisa. Wengine wanajibu haraka mpaka unajua hawajasoma, kuna moja ilinijibu ikiniita Bwana, ati Bwana tumepokea ombi lako, na picha yangu iko hapo na nywele nimesuka. Mwanzoni nilikuwa na moto, naamka, nakunywa chai, nakimbia saiba kwa kompyuta za kulipia, naandika barua nikijisomea kwa sauti mpaka mwenye saiba ananiuliza kama ninahubiri. Siku hizi simu ikilia naigeuza uso chini. Kemunto tuliyesoma naye alipata ofisi Nairobi, akaweka picha amebeba mafaili na sketi nyeusi, nikamwekea mioyo mitatu halafu nikarudi kitandani mchana kweupe na viatu.

Lakini Senje hiyo siyo yenyewe, hiyo ningevumilia.

Shida ilianzia kanisani. Jumapili ile nilirudi nyumbani pasta alinyanyua maikrofoni akasema, "Wakili wetu amerudi! Simama tukuone!" Kanisa yote vigelegele, mama mmoja akaanzisha wimbo, mzee wa kanisa akaniwekea mkono kichwani akaniombea niwashinde maadui zetu wote kortini, mmoja mmoja. Sasa ungekuwa wewe, ungemnyang'anya pasta maikrofoni useme hapana jamani, nimebakisha pupileji? Nani angeelewa? Huku kwetu ukimaliza kusomea ualimu wewe ni mwalimu, ukimaliza unesi wanakuletea mtoto anakohoa hata kama hujapata kazi. Nikasimama, nikapunga mkono. Hiyo tu. Sikusema ndio, nilipunga mkono.

Tukafika nyumbani, mama akachinja ingokho, kuku wa kienyeji, na baba mbele ya ndugu zangu wote akachukua firigisi, ile ambayo kwetu ni ya mwenye boma na msichana hata haonji, akaniwekea kwa sahani yangu. Akasema, "Kula, wakili." Senje, nilikula. Niliimeza na maji, na kutoka hiyo siku jina langu la kuzaliwa likapotea, hata mama akitaka nitoe ng'ombe kwa mahindi anapiga nduru, "Wakiliii!"

Sasa sikia. Baba ako na kesi ya mpaka na jirani wetu Khaemba. Khaemba aling'oa miti ya lusiola iliyopandwa na babu kuonyesha mpaka, akapanda miwa mpaka karibu na choo yetu, na kesi imekaa kortini Kakamega kwa muda mrefu. Baba alikuwa na wakili, Mzee Were, ana ofisi hapo mjini juu ya duka la mbegu, mtu mpole, anaongea polepole lakini kesi anaijua mpaka mizizi. Wiki iliyopita baba akavaa koti, akaenda mjini peke yake, jioni nikamuona anarudi amekumbatia faili kama mtoto mchanga.

Akasema, "Nimemwambia Were asante, apumzike. Nimesema kwetu kuna wakili."

Nikasema, "Baba, ungeniuliza kwanza."

"Nikuulize nini na umesoma?"

"Nimesoma, lakini kuna hatua moja bado."

"Hiyo hatua utamalizia hapo hapo kortini. Wewe simama tu, Khaemba akuone."

Kesi inasikizwa Jumatano ijayo! Na kila jioni baba anaweka hiyo faili kwa meza mbele yangu, halafu anatoka nje polepole, anafunga mlango ndio nisome bila kelele, anafukuza hata kuku. Nasikia akiwaambia watoto nje, "Shhh, anatengeneza kesi."

Ndugu yangu Wekesa ndiye pekee nilimwambia ukweli, na yeye badala ya kunisaidia ananisukuma ndani. Anasema, "Vaa ile suti nyeusi, simama karibu na mzee, sema mheshimiwa mingi mingi. Kwani hakimu huulizanga mtu cheti?" Nikamwambia, "Wekesa, hiyo ni jela." Akasema, "Jela ya nini na ni baba yako mzazi?" Na Khaemba naye juzi tulikutana kwa barabara ya miwa, akatoa kofia, akainama mpaka chini, akasema, "Wakili, tuhurumie. Nasikia umekuja na Kiingereza ya kupimia shamba." Watu wakacheka, na mimi nikacheka pia, halafu nikakata kona ya kwanza.

Kitu ingine sijaambia mtu, hata Wekesa. Hapa Kakamega sijaomba ofisi hata moja. Naogopa. Makarani wengi hapo mjini ni watu wa huku, nikipanda ngazi na barua ya kuomba leo, kesho soko ya Malava yote inajua wakili anatafuta mahali pa kufundishwa uwakili. Ndio maana naombanga mbali. Na tangu baba alete hiyo faili sijatuma ombi lolote, nafungua laptop naangalia tu, vidole vinakataa, naona kama naomba kitu ambacho nimeshasema niko nacho.

Senje, nisimame tu hiyo siku moja halafu nisirudie tena? Ama nitoroke niende kwa Kemunto Nairobi mpaka Jumatano ipite? Na hata nikipona hii, nitapata wapi nguvu ya kuendelea kuomba? Jibu haraka, tafadhali, siku zinakimbia na baba ameshapiga pasi suti yangu, mwenyewe, kwa mikono yake.

Ni mimi, Wakili wa Mdomo, Malava.

*

Wewe msichana, kaa chini. Hapana, kaa kabisa, weka hiyo suti kando, sikia.

Kwanza pole. Ningekuwa mimi mbele ya hilo kanisa ningepunga mikono yote miwili. Na hiyo firigisi ningeimeza pia, nani atakataa mapenzi ya baba yake mbele ya watu? Hapo sikulaumu. Nakulaumu kuanzia ile jioni alirudi na faili. Hapo ulikuwa nyumbani, hakuna maikrofoni, ni wewe na yeye, na ukamwambia kuna "hatua moja bado." Hatua gani? Mzee alielewa umebakisha kuchukua kofia! Ulitumia maneno madogo ndio usiumie, na yeye akaenda nayo hivyo hivyo.

Kortini usisimame. Si kwa dakika moja, si kwa suti, si kwa sababu Wekesa amesema. Mimi sijasoma sheria, hata huu ushauri nimejifunza mwenyewe kwa kusikiliza watu wakilia kwa simu, lakini hata mimi najua mtu ambaye hajaapishwa akijiita wakili mbele ya hakimu ni kosa, na wewe unajua mpaka kifungu. Khaemba si ana wakili? Huyo atasimama aulize swali moja tu: mwenzangu anatoka ofisi gani? Utajibu nini, Malava? Hapo baba atapoteza siku yake kortini, na wewe ukienda kuomba kuapishwa watu watakumbuka ile sura. Na Wekesa hatakuwa hapo, Wekesa atakuwa amepelekwa na shughuli zingine, nawajua akina Wekesa.

Na kutoroka? Fikiria kidogo, nenda mpaka mwisho wa hilo wazo. Jumatano inafika, jina la baba yako linaitwa, anasimama peke yake na koti lake, Khaemba ako upande ule, na mzee anageuka kuangalia mlango. Anaangalia tu mlango. Hiyo ndio unataka? Sasa wachana na habari ya Kemunto.

Tuongee hii ya Kakamega, maana hapo nilitaka kutupa kipaza sauti. Umeomba Mombasa! Mombasa unajua nani? Lakini Kakamega, ambako unajua kila ngazi, ambako wateja ni mama zako wa miwa wanaotaka mtu wa kuwaelewesha mambo kwa Kikabras, hapo hujapeleka hata karatasi. Unaniuliza utapata wapi nguvu. Mpenzi, unafanya kazi mbili. Unatafuta nafasi, na unaficha kwamba unatafuta. Hiyo ya kuficha ndio inakulaza na viatu. Kunyamaziwa na ofisi kunauma, ndio, lakini wenzako wananyamaziwa, wanalalamikia mama zao, wanapewa chai, kesho wanaandika tena. Wewe huna mtu wa kumlalamikia kwa sababu kila mtu kwenu anadhani umeshafika. Ukiitoa hiyo, vidole vitafunguka, si siku moja lakini vitafunguka.

Kwa hivyo leo, si kesho, ongea na mzee. Mchana, akiwa peke yake, Wekesa akiwa mbali, mama naye asikuite hilo jina la Wakili. Halafu mwende pamoja kwa Mzee Were. Wewe ndio ubebe faili na wewe ndio uongee kwanza, sema ulinyamaza na baba akaelewa vibaya, muombe arudi kwa kesi. Uliza kama jina lake lilikuwa limeshatolewa kule kortini ama ni faili tu ilihama. Anaweza kukasirika, mwache akasirike, ana haki. Akikataa kabisa mtafute mwingine hiyo hiyo wiki, na mkikosa, baba mwenyewe anaweza kusimama amuombe hakimu muda wa kupata wakili. Yeye anaruhusiwa kuongea kwa kesi yake, wewe ndio hauruhusiwi. Lakini uende. Kaa benchi ya nyuma yake, na gauni ya kawaida. Mtoto kukaa nyuma ya baba yake hakuna mtu atakataza.

Na siku hiyo ya kwenda kwa Were, barua yako ya kuomba iache nyumbani! Nakujua, utataka kuimaliza safari moja. Usithubutu. Siku hiyo umeenda kama mtoto wa mteja aliyeharibu. Mambo ya pupileji ngoja kesi isikizwe kwanza, halafu uanze na mji wako, ofisi kwa ofisi kwa miguu, na kila barua uiandike upya, useme wewe ni mtu wa hapa na lugha za wateja wao unazijua. Hata kwa Were utafika, lakini uwe wa mwisho, akiwa amepoa. Asubuhi tuma maombi, mchana simu mpe mama akae nayo, wewe shika jembe. Ukikaa unaiangalia haitaita.

Kanisani pia utarudi. Mwambie pasta akuombee upate ofisi ya kukufundisha, kwa hiyo maikrofoni yake. Utaona aibu kama dakika mbili. Halafu baada ya ibada mama fulani atakushika mkono akuambie binamu yangu ni karani mahali, na hiyo barua pepe zako zote za Mombasa hazijawahi kukuletea.

Najua unachoogopa kweli si Khaemba. Unaogopa uso wa baba yako ukishasema. Sasa shika haya maneno, yaseme hivi hivi, usiongeze: "Baba, mimi bado si wakili. Nikisimama Jumatano utashindwa, na mimi sitaapishwa kamwe. Nilipaswa kukuambia." Basi. Atanyamaza. Anaweza kunyamaza sana. Usijaze hiyo kimya na maneno ya sheria, usimweleze pupileji ni nini, usilie ndio akubembeleze. Mngoje tu. Mtu aliyekupigia pasi suti hawezi kukaa kimya mpaka giza. Kuna saa atauliza, bila kukuangalia, "Na Were atakubali?"

Hapo usijibu kitu usichokijua. Inuka, chukua faili, mwambie avae viatu.