Mwavuli wa Ratidzo

Shuvai mwenzangu,

Huku Masvingo mvua imekubali, mahindi yamesimama.

Jumamosi tulimzika Ratidzo wetu wa chuo cha ualimu. Mimi ndiye sahwira wake, rafiki wa utani, kwa hiyo ilinibidi nimwigize msibani. Nikavaa kofia yake ya kanisa, nikashika ule mwavuli aliokuwa akiwadungia mbavu wanaosinzia ibadani, nikamdunga mchungaji: "Baba, amka! Mbinguni hakuna magodoro!" Waliobeba jeneza walicheka hadi wakalitua.

Kisha nikakohoa kama yeye, kile kikohozi alichoniambia ni vumbi la chaki tu, nami nikaamini. Watu wakazidi kucheka. Mimi nikashindwa kuendelea.

Jana Jumapili kanisani niliuweka mwavuli pale alipozoea kukaa, nikasinzia makusudi. Hakuna aliyenidunga.

Wako,
Revai