Uongo Wako wa Jumapili Jioni

Odhiambo, omera, ndugu yangu,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo kwa sababu ulipokuwa hai hukupenda mtu azunguke. Ni miezi kumi na moja tangu tukuzike kwenu Luanda Kotieno, na sehemu kubwa ya miezi hiyo nimeimaliza nikigombana na watu kwa ajili yako. Mimi, mtu wa Kitui, nilikuja Kisumu kubeba kokoto. Sikuja kutetea marehemu.

Shida ni yule Mzee wa Makufuli wako, yule wa mchezo wa televisheni.

Baada ya mazishi, televisheni ilianza kuurudia ule mchezo tangu mwanzo. Tulifurahi sana. Jumapili saa kumi na moja ukumbi wa Kaloleni ulijaa kama zamani, sisi watu wa mjengo, vibarua wa ujenzi, kwenye mabenchi ya mbele, Mama Auma mlangoni na beseni lake la njugu. Nafasi yako kando ya seti ndiyo ilikuwa tupu. Kiingereza cha wale watu ni cha haraka na kinapitia puani. Mimi wa darasa la sita nikishika neno moja, tisa yamenipita. Basi tukamwomba Mwalimu, mpangaji aliyeingia katika chumba chako, asimame atufasirie kama ulivyokuwa ukifanya. Ni mtu mpole. Hakuwahi kukuona, na hakujua anakwenda kuharibu nini.

Sehemu za mwanzo zilikwenda vizuri. Yule mzee wa London aliyeacha wizi, polisi wanamwita afungue sefu zilizowashinda, naye anafungua huku anachomoa kidogo na kuwacheka. Mwalimu alisema yaleyale uliyotuambia wewe. Nikajivunia. Kisha tukafika katikati.

Unaikumbuka ile ya hoteli ya baharini? Ulituambia mpishi ametia sumu kwenye supu, ndiyo maana kila mtu anakula polepole huku anamtazama mwenzake. Tulikaa tumeshika magoti. Sasa Mwalimu akasema, "Wako likizo. Wanasema supu ni nzuri." Tukangoja. "Sasa wanasema huenda mvua ikanyesha." Tukangoja tena. Mchezo ukaisha. Hakufa mtu, halikufunguliwa kufuli hata moja, mzee amekunywa supu yake akarudi kwao. Watu wakamzomea Mwalimu. "Wewe hujui Kiingereza! Odhiambo alikijua!" Maskini alitoka jasho.

Jumapili iliyofuata ikawa ya kasuku. Kwako wewe, yule kasuku alishuhudia mauaji na kila mtu alitaka kumnyonga kabla hajasema. Kwa Mwalimu, kasuku alipotea, akapatikana juu ya paa la jirani. Nusu saa nzima! Hapo ndipo nilipoelewa. Wale Waingereza, mchezo ulipozidi kurefuka, walichoka. Walitengeneza sehemu mbovu, mbovu kabisa, na wewe ulikuwa unazipiga plasta. Palipokuwa na shimo uliweka maiti, au mjane, au hati ya shamba iliyoibwa. Nasi wenye migongo inayouma wiki nzima tukaja Jumapili tukameza yote.

Hayo ningekusamehe. Lakini kuna ile ya mume wa mpwa.

Unamjua yule anayembebea mzee vifaa, aliyemwoa mpwa wake. Siku moja akatokea mtu mwingine, mrefu, sura tofauti, akaitwa jina lilelile, akaingia nyumba ileile na kumbusu mwanamke yuleyule. Ukumbi mzima ukapiga kelele, "Huyu ni nani tena?" Hukusita hata kidogo. Ulisema, "Yule wa kwanza amekufa. Huyu ni ndugu yake, amerithi nyumba. Mtazameni mke alivyonuna, bado hajamzoea." Nani angebisha? Hata mimi nilimwona mke amenuna kweli. Mzee Okello, fundi wetu wa plasta, alijipiga paja akasema, "Kumbe!"

Majuzi Mwalimu akatuambia, "Mwigizaji wa kwanza aliacha kazi. Wakaleta mwingine." Basi, hakuna zaidi.

Hukujua, maana Mzee Okello hakumwambia mtu, kwamba ile habari yako aliipeleka kwao. Kulikuwa na kikao cha ukoo juu ya kurithiwa kwa mke wa marehemu ndugu yake, na vijana wa kanisani walikuwa wanaipinga mila. Okello akasimama akashuhudia kwamba hata London watu wanarithi, ameona kwa macho yake, na nyumba imetulia. Siku ile hoja yake ikapita. Sasa Mwalimu alipokuwa anasema habari za mwigizaji, mtoto wa yule ndugu yake marehemu alikuwa amekaa benchi la nyuma. Kabla wiki haijaisha ukoo mzima ulikuwa unamwita Okello "Mzee wa London".

Jumatatu iliyofuata, pale mjengo wetu wa Nyamasaria, Okello alitupa mwiko wake wa plasta ndani ya ndoo. Akasema mbele ya wote, "Kaburi la mwongo silipigi plasta. Akae na udongo wake."

Unajua hilo lina maana gani. Siku ya kukuzika tulimwahidi mkeo, shemeji Akinyi, kwamba mwaka hautaisha kabla hatujakujengea kaburi. Ndivyo tunavyofanyiana sisi watu wa mjengo, mwenzetu halali chini ya udongo mtupu kama mtu asiyekuwa na kazi wala wenzake. Saruji tulikuwa tumepewa, lori la mchanga tumeahidiwa Jumamosi ya wiki ya pili, na Akinyi ametuma habari kwamba mapipa ya maji yamejaa. Lakini mimi ni mtu wa kokoto, na wale wengine wanachanganya tu. Mkono wa plasta ni mmoja, wa Okello.

Nikamfuata wakati wa chai. "Mzee, si alikuwa anatufurahisha?"

"Alikufurahisha wewe. Mimi amenivua nguo mbele ya ukoo."

Alikuwa na haki, na hiyo ndiyo iliniudhi zaidi. Nikamshika tena Jumatano, tena Ijumaa. Akaniambia, "Musyoka, nenda ukamwambie afufuke aje anitetee kwa watu wangu." Wewe uliyekuwa hodari wa kujibu kila mtu, siku unayotakiwa kujibu umelala.

Jumapili iliyobaki kabla ya siku ya lori, Okello alikuja ukumbini lakini akakaa nyuma, mikono kifuani. Ilikuwa ile ya hospitali. Mwalimu akasema, "Mzee amegongwa kichwa na mlango wa sefu. Amelala. Anakumbuka mambo ya zamani." Vikaanza kupita vipande ambavyo tumekwisha kuviona, supu, kasuku, hata yule mume wa kwanza. Mwalimu aliona aibu kwa niaba yao. "Naona hawakuwa na kitu kipya. Wameunganisha vya zamani." Watu wakaanza kuinuka. Mimi mwenyewe nilikuwa natafuta kofia yangu.

Kisha nikakumbuka ulivyoisema wewe. Ulikuwa umekonda, unashikilia meza ya seti kwa mkono mmoja, na kikohozi kinakukatiza. Ulisema mzee amekufa. Amesimama mbele ya kiti cha enzi, anaonyeshwa matendo yake moja moja, na kwa kila tendo anaulizwa, "Hili nalo?" Ulimjibia wewe mwenyewe. "Niliiba, Bwana, lakini sikumwacha mtu na njaa." Mama Auma alilia. Mimi nilitazama viatu vyangu. Sikujua siku ile unasema habari za nani. Sasa nadhani najua, na hilo nalo limenikasirisha, Odhiambo. Tulikaa vyumba vya ukuta mmoja miaka yote ile. Ungeniambia mimi, bila kupitia kwa Mwingereza.

Sauti ikatoka nyuma. "Mwalimu, kiti kiko wapi?"

"Kiti gani, Mzee?"

"Cha enzi."

"Mzee, hakuna kiti. Ni kitanda cha hospitali."

Okello akaja mbele, akipita katikati ya mabenchi. "Keti kidogo, mwanangu. Umechoka." Akasimama pale pako. Yule mzee hana Kiingereza hata cha kumsalimu mtu. Akanyoosha kidole kwenye kioo, akasema, "Hapa anaulizwa juu ya kasuku." Alivuruga mpangilio, akasahau majibu, akaanza upya. Mama Auma akamkemea kutoka mlangoni, "Hapana, Mzee! Alisema hakumwacha mtu na njaa!" "Nakuja huko, mama, ngoja!" Waliokuwa wanatoka wakarudi kukaa. Mwalimu naye akaketi benchi la mbele.

Mchezo ulipokwisha Okello alinipita bila kunitazama. "Alikuwa mwongo mkubwa," akasema. "Jumamosi hilo lori lisichelewe."

Tumekujengea jana. Alipiga plasta peke yake, hakumwachia mtu mwiko, na alinung'unika tangu kichwani mpaka miguuni. "Ati amerithi nyumba. Ati mke amenuna." Shemeji Akinyi, aliyekuwa mbali kidogo, alidhani anakuombea, akainamisha kichwa. Kazi ni safi, pembe zimenyooka, hata wewe ungekosa la kusema.

Akinyi ataimwagilia maji asubuhi na jioni wiki nzima. Hata hivyo jua la kwenu na upepo wa ziwa vitaipasua mahali fulani, saruji haikosi ufa. Nakuahidi kwamba Desemba, kabla sijapanda basi kwenda Kitui, nitapitia kwako na saruji kidogo nizibe. Na mwaka unaofuata vilevile, maadamu mgongo huu bado unanipeleka kazini.

Nimekusamehe nusu. Ile nusu nyingine mwachie Okello, bado anaihitaji.

Lala vizuri, ndugu yangu. Na huko uliko, wakikuuliza lolote, tafadhali, jibu kwa ufupi.

Mimi, Musyoka