Kingamwili Ambayo Sikuigawa

Mpwa wangu mpendwa Mejumaa,

Nakusalimu kutoka Bongwe. Kwa miaka kumi na mmoja nimeficha kwamba kazi yako haikuwa ya uongo. Sasa ini langu limechoka na daktari hanifichi. Nimemwomba binti yangu aitoe barua hii hadharani, kwa maana hadharani ndiko ulikovunjiwa heshima.

Unaikumbuka maabara yetu ya Msambweni, mimi fundi mkuu, wewe mwanafunzi wa shahada ya pili. Ulikuwa ukitafuta, ndani ya uvimbe wa wagonjwa, protini moja inayopeleka ujumbe wa kuiamuru chembe hai ya mwili igawanyike. Kingamwili tuliyotumia ilinata kwenye protini hiyo tu, na ilipoipata, mstari mweusi ulitokea kwenye filamu. Kichupa chake ulikiita bibi harusi, kwa kuwa hakitolewi nje ovyo.

"Mjomba, bibi harusi umemfungulia mlango tena?"

"Nyamaza wewe, kungwi asiye na mume."

Ulicheka mpaka ukashika meza.

Kingamwili ile ikigandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara hufa. Kwa hiyo kila ilipofika mpya ilibidi igawanywe katika vichupa vidogo, kila kimoja cha kutumika mara moja. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Lakini mikono yangu ilikuwa imeanza kutetemeka, na niliogopa kustaafishwa. Nikaandika daftarini kwamba nimeigawa. Kumbe kila asubuhi nilikiyeyusha kichupa kizima, nikakutilia kiasi chako, nikakirudisha kwenye barafu.

Filamu zako za mwanzo zilikuwa na mstari. Za baadaye zikatoka tupu.

"Mjomba, dawa hii ni nzima kweli?"

"Dawa haina neno. Mkono wako ndio haujatulia, mwanangu."

Uliniamini. Ulirudia mpaka sampuli zikaisha, ukakonda.

Chuo kikakuita kikaoni ujieleze, na wakubwa walisema ile mistari ya mwanzo uliitengeneza mwenyewe. Mmoja akanigeukia: "Mzee, wewe ni mjomba wake. Una neno?" Kwetu Wadigo mjomba ndiye msemaji wa mpwa, nawe ulinitazama ukingoja. Nikasema, "Sina." Ukavua koti jeupe, ukalikunja vizuri, ukaniwekea mapajani.

Nasikia uko Muscat, unafua nguo za watu. Mama yako, dada yangu, alifariki akiamini alizaa mwongo, na mimi nilishika jeneza lake nikiwa nimenyamaza. Sithubutu kukuomba radhi. Barua hii mwonyeshe yeyote umtakaye, jina lako likurudie.

Kwaheri, mwanangu. Limebaki moja, maana huenda ukadhani siku ile sikuwa na hakika. Uliniomba zile chembe za akiba tulizojua zina protini hiyo, upime kingamwili yenyewe, nikakuambia zimekwisha. Zilikuwepo. Siku mbili kabla ya kikao nilipima mimi, peke yangu. Filamu ilitoka tupu, maana dawa ndiyo iliyokuwa imekufa. Niliichana vipande vipande, na siku ya kikao nikaja kuketi kando yako.

Mjomba wako