Lenzi Ndefu Chumbani kwa Mzee Shomari

Kilosa, Jumapili jioni. Mvua imekatika alasiri na mitaa yote ni tope. Niko intaneti kafe, wateja wengine wameshaondoka, mwenye kafe anasikiliza redio.

Tangu mke wangu Rehema afariki, Jumapili ndiyo siku ninayoiogopa. Siku nyingine kazi za studio yangu ya picha hunisahaulisha. Jumapili nyumba inanyamaza tu.

Labda ndiyo maana nilinunua lenzi. Zamani sisi wapiga picha tuligombania mkanda mmoja wa filamu; tangu biashara ya nje ifunguliwe, madukani Morogoro kuna kamera za kila aina. Nikajiambia picha zangu zimepooza kwa sababu vifaa vyangu ni duni. Nikauza pikipiki, nikapata kamera ya dijitali na lenzi ndefu kama mchi.

Jana nilipata lifti kwenye gari la wageni hadi hifadhini Mikumi. Nilipiga picha za twiga, tembo na nyumbu mpaka betri ikaisha. Leo asubuhi nikazifungua picha kwenye kompyuta ya studio. Kope za twiga zinaonekana mojamoja. Zote zimetoka safi, na hakuna hata moja niliyotamani kuitazama mara ya pili.

Wanyama nimewapiga. Sijui niliona nini.

Nilikuwa bado nimezikodolea macho wakati Bi Mwajuma, jirani yangu, alipobisha hodi. Mumewe, Mzee Shomari, alikuwa mkulima wa mpunga bondeni mpaka kiharusi kilipompata. Upande mmoja wa mwili umelala na mdomo umekwenda pembeni. Watoto wao wako mbali na wanaomba picha ya baba yao, lakini mzee amekuwa akikataa. Leo amekubali.

"Twende sasa hivi, mwanangu," mama akasema, "kabla hajabadili mawazo."

Nilibeba lenzi mpya, bila shaka.

Chumba chao ni kidogo, kina dirisha moja. Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba kwa taabu. Nikasimama mlangoni nikainua kamera. Lenzi ikahangaika kwenda mbele na nyuma, ikashindwa kumshika; ilimtaka awe mbali zaidi. Nikarudi nyuma hadi ukumbini, nikawa namlenga kupitia mlangoni.

Mzee alinitazama. Kumbe mkewe alikwisha kumwambia nilikokwenda jana.

"Unanipiga kama twiga," akasema taratibu. "Njoo ukae hapa."

Nikaitoa ile lenzi, nikafunga ndogo iliyokuja na kamera, nikakaa ukingoni mwa kitanda alichokalia. Goti langu likagusa lake. Mzee akainua mkono wake ulio mzima akaufunika mdomo.

Bi Mwajuma akaketi upande wa pili. Akaushika ule mkono, akaushusha polepole mpaka mapajani pa mzee, wala hakuuachia.

"Waache wanao wakuone," akasema.

Mzee akamgeukia. Hapo ndipo nilipopiga.

Picha ina giza upande mmoja, na mkono wa mama umetoka na ukungu kidogo. Sijapiga picha nzuri kama hiyo muda mrefu. Nilipomwonyesha mzee kwenye kioo cha kamera, aliitazama sana.

"Mwajuma amezeeka," akasema, na mkewe akacheka huku anajifuta macho. Kisha mzee akaniambia, "Wapelekee."

Nilifungua ukurasa huu wa blogu nikitaka kuandika kuhusu kamera. Ukweli ni kwamba tangu saa ile nafikiria goti. Tangu mazishi sijakaa karibu na mtu kiasi kile. Najiuliza kama lenzi niliinunua ili nione mbali, au ili nisilazimike kumsogelea mtu.

Bi Mwajuma alitaka nibaki nile. Nikasema nina shughuli. Sikuwa na shughuli yoyote. Nilinunua chipsi nikazila studio, nimesimama, mlango nimeurudishia.

Kesho nitachapa picha na kumpelekea Bi Mwajuma awatumie watoto. Najua mama atasema, "Kaa ule kwanza."

Nitakaa?