Kifungo Kilichochelewesha Joto

Chumba cha ghorofani, nyuma ya maabara
Jumapili, tarehe 8

Mpendwa Shangazi,

Basi nimemwona akikosea! Lakini ngoja kwanza nikuamkie, usije ukasema ndoa imenitoa adabu. Shikamoo. Goti limepoa? Cherehani imepona? Sisi wazima kabisa, na mapazia uliyotushonea yamekifanya chumba hiki kimoja kiwe kama jumba.

Siku ya kuniaga uliniambia, “Usinisifie mume mpaka umwone akikosea.” Wiki sita nimengoja, hata nikadhani nimeolewa na malaika.

Uliuliza pia anakodolea nini kifungo kimoja siku nzima. Shangazi, hicho si kifungo, ni fueli ya kinu cha nyuklia! Ni tembe nyeusi ya oksidi ya urani, bapa, ndogo kama kifungo cha koti. Wanaimulika ghafla upande mmoja, kisha wanapima joto linachukua muda gani kutokea upande wa pili. Joto likikawia kutoka, kinuni moyo wa tembe unazidi kuungua.

Jumatatu alirudi amenyong'onyea. Tembe mpya ilikuwa inachelewesha joto mno. Mkuu wao, mzee mkali wanayemwita Kipimajoto, alikuwa ameanza kumlaumu fundi wa mashine. Mume wangu akasukuma sahani kando. Akachukua kalamu, akanichorea vidoti vilivyopangika safu kwa safu.

“Chembe za ndani zimejipanga hivi,” akasema, “kama watu wanaopokezana matofali. Joto ni kutikisika kwao, kila mmoja anamtikisa jirani yake. Sasa oksijeni isiyoalikwa ikijibanza katikati, mtikisiko unagonga, unatawanyika.”

“Ngapi zinatosha kuharibu?”

“Chache tu katika kila mia.”

“Na nani kaziingiza?”

Akaweka kalamu mezani. Kisha akasema, “Mimi.”

Shangazi! Tembe ile aliichoma siku moja kabla ya harusi yetu. Kwa haraka ya kuja kunioa hakukaza koki ya gesi inayoilinda tanurini, na hewa ikapenya. Kwa macho huoni kasoro yoyote, inang'aa vilevile.

Sasa nakuungamia. Kazi yake bado ni ya majaribio, nami niliogopa tutafukuzwa hata chumba hiki. Nikamwambia, “Kwani nani atajua?” Hakunikaripia. Akanitazama kwa upole tu, akasema, “Tembe inajua. Na fundi hana kosa.”

Asubuhi akaenda akasema yote. Kipimajoto akafoka mpaka miwani ikamshuka puani, akamwandikia onyo, kisha akaagiza tembe irudishwe tanurini, ipitishiwe gesi ya kunyonya oksijeni iliyozidi.

Alhamisi waliniruhusu nisimame nyuma ya kioo. Mwanga ukapiga, na mstari kwenye skrini ukapanda upesi kama mtu aliyeitwa kwao. Joto lilikuwa linapita! Tembe ni ileile, nyeusi ileile, ila wageni wachache nisioweza kuwaona wameondoka. Nilisisimka mwili mzima. Tangu siku hiyo hata sufuria naishika kwa heshima.

Fundi alimpiga mume wangu begani: “Bwana harusi, ukioa tena niite, koki nitakaza mwenyewe.”

“Sioi tena,” akajibu, mbele ya watu wote, akinitazama mimi pale kiooni. Nililia, Shangazi. Kucheka na kulia vilikuja pamoja.

Kwa hiyo leo nina ruhusa yako ya kumsifu, na karatasi haitatosha.

Nisalimie Bibi, mwambie mume wetu anakula vizuri. Nisalimie pia pacha wa Baba Mdogo, wote wawili, wasigombane. Mungu akupe wepesi wa mwili na usingizi mnono.

Ni mimi mwanao, nikupendaye bila kipimo,
Kasuku wako

Amesoma juu ya bega langu, anasema umkague mwenyewe. Likizo ameshaomba, na safari hii koki zote nitazikagua mimi kabla hatujaondoka. Mwezi huu hautaisha hujatuona mlangoni kwako.